Adui Asiye na Damu

Sisi watu wa visiwani neno pepo tunalijua kwa sura tatu: pepo za kusi na kaskazi, Pepo tunayoiomba akhera, na pepo ampandaye mtu kichwani hata apigiwe ngoma na kufukiziwa ubani. Neno hili lilipopanda bara kwa njia ya misafara, kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, lilikuta wenyeji wana yao. Wanyamwezi walikuwa na mizimu ya wahenga, na chama cha Waswezi, ambao mkuu wa roho zao ni Lyangombe. Kwa Waswezi, roho imsumbuayo mtu ni mgeni: huulizwa haja yake, hupewa haki yake, na mgonjwa huingizwa chamani. Mapadre Weupe waliofika Tabora mwaka 1878, na Wamoraviani walioipokea kazi ya Urambo mwaka 1898, walileta Injili ambayo ndani yake pepo hapatanishwi, hufukuzwa.

Lakini katika kufukuza huko, fimbo humwangukia nani? Mtume Paulo, katika sura ya 6 ya waraka wake kwa Waefeso, anawafundisha waumini kwamba vita vyao si vya kupigana na binadamu. Silaha anazozitaja ni kweli, haki, imani na sala. Na upanga pekee anaowapa ni neno la Mungu. Hata hivyo, Tabora na Shinyanga zimezika vikongwe wengi waliokatwa mapanga kwa kudhaniwa wachawi, pengine kwa ajili ya macho mekundu tu, macho yaliyoiva kwa moshi wa kuni wa miaka mingi. Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 haikuwakinga. Mkristo ashikaye panga hilo, au anyamazaye linaposhikwa, hapigani vita vya Paulo, amekwisha kuvikimbia.

Atatokea msomaji aulize: ikiwa adui si mtu, basi kila muovu atamsingizia shetani? Njia ile ile yatujibu. Watumwa waliopitishwa Tabora hawakufungwa minyororo na pepo. Walifungwa na watu wenye majina, wenye hesabu na bei, na wengi wao waliishia kwetu Unguja, pale Mkunazini, ambapo soko lilifungwa mwaka 1873 na kanisa likajengwa mahali pake. Kwa hiyo sisi wa pwani hatuna haki ya kuitazama bara kuwa ndiyo nchi ya giza.

Uovu ni mkubwa kuliko mtu mmoja, ndiyo maana kumuua mtu hakuumalizi. Nao hupita katika mikono ya watu, ndiyo maana kila mkono utaulizwa. Anayeshika nusu moja ya maneno haya na kuiacha ya pili huishia ama kuua, ama kujisamehe.

Wahenga wetu, waliojua kwamba aliyepewa amana huona haya kuivunja, walisema: mchawi mpe mwana kulea. Hawakusema mpigeni panga.