Waya wa Tatu

Nilifungua soketi ya jikoni nikakuta nyaya mbili tu: wa kahawia unaoleta umeme na wa bluu unaourudisha. Wa tatu, wa kijani na njano, unaokwenda ardhini, haukuwepo. Kwa miaka miwili birika la chuma lilichemsha chai, nami nikaiita hiyo kazi nzuri.

Lakini waya huo hungoja siku ya hitilafu. Umeme ukivujia kwenye birika, hupita humo na kukata fyuzi. Usipokuwepo, hupita kwa anayeligusa.

Mimi huvaa ndala. Dada anayetupikia husimama peku kwenye sakafu iliyolowa.

"Mbona inafanya kazi?" akasema mwenye nyumba.

Fundi hakumjua atakayeligusa. Mimi namjua kwa jina. Nikirudisha kifuniko nikanyamaza, kosa langu litapita lake. Chai sasa tunachemsha kwa gesi, mpaka waya uvutwe.