Kazi Hii Inamfaa Nani?

Soma Waefeso 4:28. Mithali 13:11 na Mithali 14:15. Mafungu haya yanafundisha nini kuhusu njia ya kupata mali, na kusudi la kuipata?

Mwadventista anayetafuta kazi hukutana na jaribu ambalo huenda jirani yake halijui. Waajiri wengi huhitaji watu siku ya Sabato. Kwa hiyo tangazo linaloahidi kazi ya kufanyia nyumbani, kwa simu, saa anazotaka mwenyewe, laweza kuonekana kuwa jibu la maombi. Tena mara nyingi tangazo hilo hutumwa na mtu anayeaminiwa, katika kundi la WhatsApp la kwaya au la ukoo. Kazi halali za nyumbani zipo: kushona, kutafsiri, kufundisha kwa intaneti. Ndiyo sababu uongo hupata mahali pa kujificha.

Njia moja ya ulaghai huu huenda hivi. Mtu hupewa kazi nyepesi: kubonyeza alama ya kupenda video, au kuisifu hoteli ambayo hajawahi kulala. Siku ya kwanza hulipwa fedha kidogo, nayo huingia kweli kwenye simu yake. Kisha huambiwa atume fedha zake mwenyewe ili apewe kazi zenye malipo makubwa zaidi. Programu humwonyesha faida ikipanda kila siku. Anapotaka kuitoa, hudaiwa kwanza “kodi” au ada ya kufungua akaunti. Anacholipa hakirudi. Nchini Marekani, FTC, tume ya serikali inayolinda wateja, ilipokea taarifa zipatazo 5,000 za ulaghai wa aina hii mwaka 2023. Katika miezi 6 ya kwanza ya mwaka 2024 zilifika kama 20,000.

Mithali huwasifu wenye busara wanaoangalia wanakokwenda, na zipo alama za kuangalia. Mwajiri mwaminifu humlipa mfanyakazi. Hamtozi ada ili ampe kazi. Malipo makubwa kwa kazi isiyohitaji ujuzi, haraka, na kuombwa namba ya siri ni dalili za hatari. Hata cheti cha usajili hakitoshi. Kampuni yaweza kuwa imesajiliwa, na bado isiwe na kibali cha kupokea fedha za watu.

Hata hivyo, alama hizi hazigusi kiini cha jambo. Wapo wanaozijua zote na bado huingia, wakitumaini kutoka mapema kabla mambo hayajaharibika. Kwao swali si la busara tu; ni la haki. Paulo hakuishia kumkataza mwizi asiibe. Alimtaka afanye kazi iliyo njema kwa mikono yake, apate cha kumgawia mhitaji. Basi kila kazi yaweza kuulizwa: inamfaa nani? Anayeisifu hoteli asiyoijua hamfai msafiri atakayesoma sifa hizo. Anamshuhudia uongo (Kutoka 20:16). Kabla hajadanganywa, yeye mwenyewe amekwisha kuajiriwa kudanganya.

Ndivyo ilivyo pia mtu anapolipwa kwa kuleta wengine. Ikiwa hakuna bidhaa iliyouzwa wala huduma iliyotolewa, fedha inayomfikia imetoka kwa aliyeingia baada yake. Mwaka 2009 serikali ya Tanzania ilisimamisha DECI, mpango wa upatu uliokuwa umevuta watu wengi. Miongoni mwa viongozi wake walikuwemo wachungaji, na washiriki walizungumza juu ya kupanda mbegu na kuvuna. Maneno yalikuwa ya imani, lakini shamba halikuwepo. Mavuno ya mmoja yalikuwa mbegu ya mwenzake.

Soma Luka 19:1–10. Zakayo alifanya nini na mali aliyoipata isivyo haki?

Zakayo hakuridhika kutoa sadaka tu. Aliahidi kuwarudishia aliowadhulumu. Hapa ndipo jambo huwa gumu, maana aliyepata faida katika mpango wa udanganyifu huenda hakujua. Kutojua hupunguza hatia. Lakini akishajua fedha ile ilitoka kwa nani, kutojua kumekwisha, na kuitolea zaka hakuwezi kuifanya iwe yake.

Kwa upande mwingine, kanisa lisimcheke aliyepoteza. Wengi huingia kwa sababu ya ada ya shule au kodi ya nyumba, si kwa uroho. Aibu huwanyamazisha, na ukimya wao huwapa walaghai nafasi ya kumfikia mwingine. Aliyetapeliwa na atoe taarifa mapema kwa kampuni ya simu na polisi, na ndugu zake wamchukulie mzigo (Wagalatia 6:2).

Maswali ya Kujadili:

1. Dada mmoja aliwaalika washiriki 5 wa kanisa lake katika “kazi ya simu” akiamini ni ya kweli. Yeye alilipwa, wao walipoteza. Anawiwa nini nao? Je, jibu hubadilika ikiwa fedha ile ameshaitumia kumtibu mtoto?

2. Mtu anayeheshimiwa kanisani akileta tangazo la kazi katika kundi, ni maswali gani yaulizwe bila kumvunjia heshima?

3. Kanisa lenu laweza kufanya nini ili vijana wanaokosa kazi kwa ajili ya Sabato wasibaki peke yao mbele ya ahadi za namna hii?