Malezi ya Mwana wa Mwenzio

Miongoni mwa mambo ambayo watu huyaona madogo, na kumbe ni makubwa, ni kumwangalia mtoto wa mtu mwingine. Tunakusudia kulitazama jambo hili kwa mfano wa Msuka, kaskazini ya Pemba, mji wa kale ambao mihrabu ya gofu la msikiti wake ina tarehe ya mwaka 816 wa Hijria, yaani takriban 1414. Mahali palipokaliwa muda mrefu namna hiyo, hapana shaka watoto wengi wamepita katika mikono isiyowazaa.

Tangu kilimo cha mwani kilipoanza Zanzibar mwishoni mwa miaka ya 1980, wanawake wengi wa pwani za Pemba hufuata saa ya bahari. Bamvua huja mara mbili kwa mwezi, mwezi uandamapo na upevukapo, na maji hupwa sana kati ya asubuhi na adhuhuri. Maji hayamngoji mama abembeleze mwanawe. Msimu wa karafuu nao una haraka yake. Basi mtoto huachwa kwa bibi, kwa shangazi au kwa jirani. Akiwa mpole, hapana la kusemwa. Lakini akiwa na miaka miwili au mitatu, na kila aambiwalo hujibu "Sitaki!", hapo huzuka swali: mlezi ana haki gani juu ya nia ya mtoto asiyemzaa?

Wako wasemao, "Mwana si wangu, nitakuja kuulizwa." Hao humwachia atakalo, akililia sukari hupewa, na akijitupa chini huongezwa. Wako wengine wasemao, "Mkono mmoja haulei mwana, nami ni mkono." Hao hufanya haraka kupiga kofi. Wa kwanza anaogopa lawama ya mzazi. Wa pili anaona haya kushindwa na kitoto mbele ya watu. Tukichunguza tutaona kuwa wote wawili wanajifikiria nafsi zao, na mtoto amesahauliwa.

Wahenga walisema, "Mtoto akililia wembe, mpe." Methali hii ina hekima, kwani maumivu hufunza pale maneno yaliposhindwa. Lakini yatupasa kuuliza ni nani awezaye kuisema. Mzazi aweza, kwa kuwa hasara ni yake, na uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Mlezi hawezi. Aliyewekewa amana hana ruhusa ya kuifanyia majaribio ambayo gharama yake italipwa na mwenyewe. Kwa upande wa pili, "Mchelea mwana kulia hulia yeye." Mtoto akikimbilia kisima au mafiga yenye moto, na ashikwe, alie mpaka achoke. Akikataa kuvaa shati, au akitaka kubeba kata yake mwenyewe hata maji yakamwagika, pana dhara gani? Mlezi mwenye busara hutenga mambo ya hatari na mambo ya hiari. Katika yale hana msamaha. Katika haya ana subira.

Huenda mtu akatujibu kwa methali nyingine: "Samaki mkunje angali mbichi." Tunakubali. Ila kukunja na kuvunja ni vitendo viwili. Fedha au jembe huwekwa amana, vikakaa pale vilipowekwa. Mtoto ni amana yenye nia, na nia hiyo ni sehemu ya amana yenyewe. Katika neno "sitaki" mtoto hujitambua mara ya kwanza kuwa ni mtu. Itafika siku taifa litalihitaji neno hilo kinywani mwake, atakaponyoshewa rushwa au atakapoitwa katika dhuluma. Tukiling'oa leo, kesho tutalitafuta tusilione. Na tukiliacha bila mpaka wowote, litageuka jeuri.

Nani basi ataweka mpaka? Mwenye kuuweka ni mzazi, na mwenye kuulinda ni mlezi. Kwa hiyo hawana budi kusemezana. Mama, kabla ya kushika njia, aeleze mwanawe hula nini, huogopa nini, na hukatazwa nini. Mlezi naye, mama arudipo, aseme kweli ya mambo yaliyopita, pamoja na ugomvi. Na mama asihukumu kwa mchubuko mmoja wa goti kabla hajasikia. Mtoto mkaidi huchubuka hata mkononi mwa mamaye.

Maneno haya yanawahusu walimu, ambao kila asubuhi hupokea wana wa wenzao kwa makumi. Yanawahusu pia wanafunzi, kwani ni wengi waachiwao wadogo zao au watoto wa jirani baada ya masomo. Sheria ya Mtoto ya Zanzibar, Namba 6 ya mwaka 2011, imeyatanguliza maslahi bora ya mtoto. Lakini sheria haikai uani na mlezi saa ya bamvua. Hapo hukaa dhamiri yake peke yake. Ukimya wa mtoto jioni si ushahidi wa malezi mema, maana hata aliyetishwa hunyamaza. Ushahidi ni kwamba arejee kwao mzima wa mwili, akiwa bado anathubutu kusema alitakalo, na amejifunza kwamba si kila alitakalo hupewa.