Kilichotokea au Kilichopaswa Kutokea?

Somo: Mithali 27:23, Warumi 4:18–21



Jumapili iliyopita baada ya ibada ndugu mmoja alinishika mkono pale mlangoni akaniuliza: "Pasta, mshahara wangu unabadilika karibu kila mwezi, na mkopo nao riba inapanda na kushuka. Si niweke tu namba moja ya wastani kwenye programu ya hesabu, ijirudie yenyewe, niendelee na maisha? Hiyo nayo ni dhambi?"

Tulicheka wote wawili, lakini sikumjibu. Swali hilo liliwahi kuigharimu nyumba yangu. Leo najibu.

Nilisomea biashara chuo kikuu, na siku za juma nafanya kazi ya ofisi huko mjini. Kwa hivyo nyumbani kwetu Uthiru mwenye hesabu ni mimi. Tulipokuwa tumebakisha deni la shilingi 600,000, niliingiza mkopo kwenye kompyuta kwa riba ya asilimia 14, rejesho 15,000 kwa mwezi. Programu ikapanga ratiba yote mpaka mwisho. Kila mwezi ilijiandikia yenyewe, nami nikawa natazama tu deni likishuka. Raha iliyoje!

Lakini riba haikukaa pale. Mnakumbuka Benki Kuu ilivyopandisha kiwango chake, kutoka asilimia 7 mwanzoni mwa 2022 hadi 13 Februari 2024. Mkopo wangu ulifika asilimia 18. Benki haikuongeza rejesho, iliongeza muda wa kulipa. Kwa hivyo kilichokatwa kilibaki 15,000 ile ile, nami sikuona tofauti.

Hebu tupige hesabu. Kwa deni la 600,000, riba ya asilimia 14 ni 7,000 kwa mwezi, kwa hivyo 8,000 inapunguza deni. Ikiwa asilimia 18, riba ni 9,000 na deni linapungua kwa 6,000 pekee. Rejesho ni lile lile, lakini ndani yake mambo yamebadilika. Endelea hivyo miezi 18: kitabu changu kilisema tunadaiwa 440,800, na benki ikasema zaidi ya 477,000.

Sasa sikilizeni palipouma. Mke wangu alikuwa na kiploti kule mashambani kwao, alichonunua kabla hatujaoana kwa pesa za kushona nguo. Akaamua kukiuza ili deni life. Alikuwa anataka 520,000. Mnunuzi akasimama kwa 450,000. Akaniuliza, "Baba, tunadaiwa ngapi hasa?" Nikafungua kompyuta, nikamsomea mpaka shilingi ya mwisho. Nikamwambia, "Kubali tu. Inamaliza deni na chenji inabaki." Akakubali.

Tulipofika benki pale mjini, pesa hazikutosha. Njiani kurudi hakusema neno mpaka tulipopita Kangemi. Ndipo akaniuliza: "Ulikuwa unaandika kilichotokea, au kilichopaswa kutokea?"

Mtu atasema, "Pasta, hilo ni kosa la hesabu tu, si uongo." Mwezi wa kwanza, nakubali. Lakini benki ilinitumia ujumbe kuhusu riba. Niliuona. Sikuufungua, kwa sababu nilijua hautakuwa na habari njema, na ile namba ya kwenye kompyuta ilinipendeza. Kuanzia siku ile sikuwa mtu asiyejua tena. Nilikuwa mtu aliyechagua kutojua, halafu nikampa mwenzangu makisio yangu kana kwamba ni ushahidi. Bei aliyokubali ilitoka kinywani mwangu.

Na sisi watu wa imani tuna hatari yetu ya pekee. Tumezoea kukiri ushindi kabla haujaonekana, na ni vizuri. Lakini someni Warumi 4 polepole. Ibrahimu aliutazama mwili wake mzee, akaona hali yake ilivyo, na bado akaamini. Imani yake haikumtaka afumbe macho. Mipango na matumaini yana ukurasa wake, ndiyo bajeti. Ukurasa wa yaliyotokea ni ushuhuda, na ushuhuda haupambwi.

Mshahara nao ni hivyo hivyo. Makato ya nyumba ya asilimia 1.5 yalianza Julai 2023, yakasimama mapema 2024, yakarudi Machi. Oktoba 2024 makato ya afya ya SHIF, asilimia 2.75, yakachukua nafasi ya NHIF. NSSF nayo ikapanda kila Februari. Ukiwa umeandika namba moja tangu 2022, unaishi na mshahara usiokuwepo. Andika mshahara kamili, kisha kila kato kwa jina lake, kama karatasi ya mshahara inavyosema.

Namjua mama mmoja wa mboga, hana karatasi ya mshahara wala kompyuta. Jioni anaandika kwenye daftari: leo 850, jana 300. Mapato yake yanabadilika kuliko yetu sote, na bado anajua hali ya kundi lake kuliko mimi na shahada yangu.

Tulipokaa kurekebisha, niliona njia ya mkato: mstari mmoja tu, "marekebisho," 36,000 na kitu, kitabu kinalingana na benki, tunalala. Mke wangu alikataa. Alitaka mwezi kwa mwezi. Tukachukua taarifa za benki, tukapitia miezi yote 18, riba kando, deni kando. Ilituchukua jioni mbili. Ndipo nikaelewa kwa nini ile sala ya "Bwana nisamehe makosa yangu yote" huwa nyepesi mdomoni. Toba ya kweli inataja vitu kwa majina.

Alinisamehe. Ploti haikurudi.

Kwa hivyo, ndugu yangu wa mlangoni: wastani si dhambi ukiuweka kwenye bajeti na kuuita wastani. Lakini mwezi ukiisha, fungua ujumbe, fungua karatasi, ufute makisio na uandike kilichotokea. Mungu hakudai utabiri. Anataka usimshuhudie mwenzako usichokijua.

Swali la ushirika wa nyumbani wiki hii: Ni ujumbe gani umeuona na hujaufungua? Nani anafanya maamuzi akitegemea namba yako?

Tuombe: Bwana, tupe macho ya kutazama hali yetu ilivyo, na imani isiyoogopa kuiona. Amina.