Mtoto Si Rehani

Katika darasa yetu ya baina ya magharibi na isha mtu mmoja alituuliza suala ambalo tumeona halimhusu yeye peke yake. Alimwacha mkewe, naye mke akarudi kwao Malindi na mtoto wa miaka 4. Jamaa za mke hawampi baba nafasi ya kumwona mwanawe. Akasema: "Nami nimekata nafaka. Hawanipi mtoto, siwapi pesa. Je, nina dhambi?"

Twajibu kuwa anayo, na wao pia wanayo, lakini dhambi yao haimfutii yake.

Nafaka si bei ya kumwona mtoto. Ni haki ya mtoto juu ya babake. Mama huipokea tu kwa kuwa mtoto hana mkono wa kwenda nao sokoni. Katika Suratul Baqara, aya ya 233, Mola wetu amemlazimisha baba chakula na nguo za mama anyonyeshaye, kwa wema, kisha akakataza mama asidhuriwe kwa sababu ya mwanawe, wala baba kwa sababu ya mwanawe. Katazo hili ni la pande mbili. Babu anayemfungia mkwewe mlango amelivunja, na baba anayeufunga mkono wake amelivunja vile vile. Anayekaa na njaa katika ugomvi huo ni yule asiyegombana na mtu.

Wala kiasi cha nafaka si kimoja kwa watu wote. Suratut Talaq imempima kila mtu kwa alichoruzukiwa; mvuvi wa Lamu hatozwi kama mwenye maduka Mombasa, na mwenye maduka hana ruhusa kujifanya mvuvi siku ya kwenda kwa kadhi. Na Hind binti Utba alipomshitaki mumewe Abu Sufyan kwa ubakhili, Mtume (s.a.w.) alimruhusu achukue katika mali yake kiasi cha kumtosha yeye na wanawe kwa wema, pasi na kumngoja mume aridhike.

Hapa pana jambo ambalo akina mama wengi hawalijui, na wamepata hasara kwalo. Katika madhehebu yetu ya Shafii, nafaka ya mke isiyotolewa hubaki deni juu ya mume. Nafaka ya mtoto sivyo: siku ikipita imepita nayo, ila kama kadhi ameikadiria au ametoa idhini ikopwe kwa dhima ya baba. Wanazuoni wameijenga hukumu hii juu ya haja, na haja ya jana imekwisha kwa kuchwa jua. Basi mama anayestahi miaka miwili, akakopa kwa majirani, kisha akaja na hesabu yake, huenda akarudi mikono mitupu. Staha hiyo hatuisifu. Na aende mapema. Naye baba asifurahi, kwani kuanguka kwa deni mbele ya kadhi si kuanguka kwa dhambi mbele ya Mungu.

Wapo wanaotishia: "Ukiolewa tu, nakuja kumchukua." Ni kweli kuwa mama akiolewa na mtu asiye wa jamaa ya mtoto haki yake ya kulea huondoka, lakini haimwendei baba moja kwa moja, mamake mama humtangulia. Na mtoto akifika umri wa kupambanua, yapata miaka 7, huhiyarishwa baina ya wazazi wake.

Twasikia pia wakilaumiwa wanawake wanaokwenda korti ya watoto ya serikali. Katiba ya mwaka 2010, katika kifungu cha 53, imewapa baba na mama jukumu la mtoto kwa usawa, na Sheria ya Watoto ya mwaka 2022 imelifuata hilo. Kadhi naye, kwa kifungu cha 170, husikiza shauri la Waislamu waliokubali wote kuhukumiwa naye. Mume aliyeitwa kwa kadhi akakataa kwenda ana uso gani wa kumlaumu mke aliyebisha mlango mwingine?

Imam Malik amepokea kuwa Umar bin Khattab, baada ya kuachana na mkewe wa Kiansari, alimkuta mwanawe Asim akicheza uwanjani mwa msikiti wa Quba. Akamshika mkono, akampandisha juu ya mnyama wake. Bibi wa mtoto, mzaa mama, akamfuata, wakamgombania, hata wakafika kwa Abu Bakr. Kila mmoja akasema ni mwanawe. Abu Bakr akamwamuru Umar amwache mtoto kwa bibi yake, na Umar, pamoja na ukali wake uliojulikana, hakurudisha neno.

Yule muulizaji wetu alipoyasikia haya aliinama kitambo. Kisha akauliza kama angoje mwezi uandame ndipo atume. Tukamwambia atume kwa simu usiku ule ule, na kesho yake tutamwandikia barua aipeleke Malindi kwa wakwe zake, kuwataka wamwekee siku ya kumwona mwanawe.