Kadi ya Benki, Mkopo, na Paa Linalovuja

Darsani kwetu limeletwa suala na ndugu mmoja wa hapa Mtwapa, nalo ni suala la wengi. Nyumba yake imechakaa. Mabati yameliwa na kutu ya upepo wa bahari, na mvua ikinyesha watoto huhamisha vitanda. Ataka kuitengeneza, na benki yampa njia mbili: achukue kadi ya mkopo, anunulie mabati na saruji madukani na kulipa kidogo kidogo, au atie sahihi mkopo wa miaka kadhaa, aweke rehani hatimiliki ya nyumba. Auliza: ipi iliyo nafuu?

Kwanza yafaa ijulikane kuwa deni lenyewe si haramu. Mtume wetu (S.A.W.) alifariki na deraya yake ya vita iko rehani kwa Yahudi mmoja kwa ajili ya pishi thalathini za shayiri. Na aya iliyo ndefu kuliko zote katika Kur'ani, nayo ni aya ya 282 ya Suratul Baqara, yahusu deni na kuandikwa kwake. Iliyoharamishwa ni riba. Kwa hivyo mwenye kuuliza ipi nafuu baina ya riba hii na riba ile, suala lake lina kasoro kabla halijajibiwa. Hata hivyo hatumfukuzi ndugu yetu, kwani paa linavuja kwa kweli, na kumwambia mtu "haramu" kisha ukamwacha mvuani si uungwana.

Tuitazame kadi. Benki humwekea mtu kipimo cha kukopa, na humpa siku kadhaa za kulipa bila ziada. Zikipita siku hizo, ziada huanza, na kila mwezi huambiwa alipe angalau sehemu ndogo tu. Hapo ndipo ulipo mtego. Tuseme mtu adaiwa shilingi 100,000, na ziada ni 3 katika mia kwa mwezi. Akilipa 5,000, basi 3,000 zimemezwa na riba na deni limepungua 2,000 tu. Akiendelea hivyo hivyo kwa 5,000 kila mwezi bila kuongeza ununuzi mwingine, atalipa kwa miezi 31, na jumla yake ni karibu shilingi 155,000. Mabati ya mia yamekuwa ya mia na hamsini na tano, nayo kutu haikumngoja.

Wako wasemao: "Mimi nitalipa kabla ya siku hizo kwisha, sitatozwa hata senti." Jambo hili lilifikishwa mbele ya Baraza la Kimataifa la Fiq-hi ya Kiislamu katika kikao chake cha Riyadh, Septemba 2000. Wanavyuoni wakaamua kwamba kadi isiyo na akiba ya mwenyewe nyuma yake, ikiwa imeshurutishwa ziada ya riba, haifai kutolewa wala kutumiwa, hata kama mwenye kuichukua amenuia kulipa ndani ya muda. Kwani amekwisha kutia sahihi yake chini ya sharti la riba. Ama kadi ya kutolea fedha yako mwenyewe uliyoiweka, hiyo haimo katika maneno haya.

Na mkopo wa rehani? Kwa hesabu ya dunia, mara nyingi ziada yake ni ndogo kuliko ya kadi. Lakini aliyekopa kwa kadi ameweka rehani mshahara wake, na huyu ameweka rehani ukuta unaomhifadhi mkewe. Sheria ya Ardhi ya Kenya ya mwaka 2012 yataka mume asiweke rehani nyumba ya ndoa pasi na ridhaa ya mke. Akishindwa kulipa, hupewa ilani ya miezi mitatu, kisha ilani ya siku 40 kabla ya kuuzwa, halafu ni mnada. Tena nyumba nyingi za mwambao huu ni za mirathi ambayo haijagawanywa: yule mwenye jina katika karatasi akadhani kuwa nyumba ni yake peke yake, akasahau fungu la dada yake aliyeolewa. Kuweka rehani fungu la mwenzio bila idhini yake ni dhulma, riba iwepo au isiwepo. Wazee wetu wa Unguja na Pemba waliionja khasara hii: mashamba ya karafuu yalizama katika rehani hata serikali ya wakati ule ikalazimika kutoa amri za kuwalinda wenye ardhi, mwaka 1934 na tena mwaka 1938.

Basi afanye nini? Kwanza atenganishe paa na pambo. Paa linalovuja, choo kilichobomoka na nyaya za umeme zilizo wazi ni haja. Vigae vinavyong'aa sebuleni na dari ya nakshi kwa kuwa yaja harusi, na kwa kuwa jirani ameweka, si haja. Ajabu yetu ni kuwa twakopa zaidi kwa hili la pili. Akishatenganisha huenda akaona kazi ya 300,000 imekuwa ya 120,000, na ya 120,000 yaweza kufanywa kwa awamu, chumba baada ya chumba, kama walivyojenga baba zetu.

Kisha kuna mchezo, ambao wengine huuita chama. Watu kumi hutoa kila mmoja 10,000 kwa mwezi, na kila mwezi mmoja wao hupokea 100,000. Hapana ziada wala mtu wa kudhulumiwa. Baadhi ya watu huutilia shaka, nao hawana sababu: Sheikh Al-Qalyubi, aliyefariki mwaka 1069 Hijria, katika maelezo yake juu ya sharhi ya Minhaj, kitabu cha madhehebu yetu ya Shafi'i, ameutaja mchezo wa namna hii uliokuwa mashuhuri baina ya wanawake, na akanakili kuwa wafaa. Wake zetu wanaujua kuliko sisi. Mwenye paa bovu na apewe zamu ya kwanza.

Ikiwa haja ni kubwa kuliko mchezo, ziko benki zilizojifunga na sharia. Kenya ilipata za kwanza mwaka 2008, Gulf African Bank na First Community Bank. Hii ya pili iliingia mikononi mwa Premier Bank ya Somalia mwaka 2023. Njia yao ni murabaha: benki hununua mabati na saruji, ikayamiliki, kisha ikakuuzia kwa faida inayojulikana. Tuseme vifaa ni 300,000, wauziwa kwa 348,000, ulipe 14,500 kwa miezi 24. Mtu atasema, "Tofauti yake na riba ni ipi?" Tofauti ni kuwa hii ni bidhaa iliyouzwa, muuzaji amebeba hatari yake alipokuwa nayo, na bei ikishafungwa haiongezeki hata ukichelewa. Baraza lile lile, huko Jeddah mwaka 1990, lilipitisha kuwa bei ya malipo ya baadaye yaweza kuzidi ya taslimu, walakini ziada ya kuchelewa ni riba.

Lakini macho yawe wazi. Jina la Kiislamu mlangoni halitoshi. Ukipewa fedha mkononi na karatasi ikasema umeuziwa saruji, hapo hapana saruji. Na wako wateja wanaopatana na mwenye duka awaandikie stakabadhi ya mabati kisha awarudishie fulusi. Hao wameirudia riba kwa mlango wa uani, na uongo juu yake. Muulize afisa: vifaa vimenunuliwa na nani, lini, na vikiharibika njiani khasara ni ya nani?

Tusidharau haya. Katika Sahihi ya Bukhari imo khabari ya jeneza lililoletwa, na maiti ana deni la dinari tatu bila kuacha cha kulilipa, Mtume (S.A.W.) hakulisalia mpaka Abu Qatada alipolichukua deni lile juu yake.

Ama yule ambaye kadi anayo tayari na deni lipo, asiongeze ununuzi hata wa msumari mmoja. Auze asichokihitaji, azungumze na jamaa zake wamsaidie mkopo mwema, alilipe lote kwa pamoja akiweza, kisha airudishe kadi benki na adai barua ya kufungwa kwa hesabu hiyo.