Babu yangu, mbeba mizigo wa Saio

Huku kwetu Butembo, mtu akisema babu yake alikuwa mwanajeshi, wanafunzi wangu wanauliza mara moja: aliua wangapi? Babu yangu mimi hakuua hata mmoja. Mwaka 1941 alikuwa mbeba mizigo wa Force Publique, jeshi la Wabelgiji, katika vita vya Abisinia. Walipitia Sudani mpaka Saio, ambako tarehe 3 Julai Jenerali Gazzera wa Italia alijisalimisha. Vitabu vinataja majenerali. Lakini mvua ilikuwa imeharibu barabara, chakula hakifiki, na ugonjwa uliua watu wetu wengi kuliko risasi.

Mwenyewe hakusimulia kitu. Tulijua tu kwamba kila asubuhi anakunja blanketi lake la jeshi vizuri, na mtoto asiliguse!

Ni kwenye matanga yake, mwaka 1993, mzee mmoja wa Beni tusiyemjua alisimama. Akasema yeye alikuwa kaporali. Alishikwa na kuhara damu, wenzake wakamuacha chini ya mti. Babu akamufunga ndani ya blanketi lile, akamubeba mgongoni siku mbili. "Na mimi," akasema, "nilikuwa nimemupiga fimbo, kwa sababu ya gunia la unga lililolowa."

Baba mkubwa alikasirika pale pale: "Kumbe alibeba fimbo yake mwenyewe!"

Hoja hiyo si ya kijinga. Jeshi lile ndilo lilitisha wazee wetu kwa ajili ya kodi na mashamba ya lazima. Tukisifu kazi ya babu, je, hatulisifu na jeshi? Swali hili limenisumbua miaka mingi. Lakini naona pale chini ya mti cheo kilikuwa kimekwisha. Alibaki mtu anayeomba maji. Wala sisemi babu alisamehe. Kaporali alituambia kwamba siku zile mbili babu hakumusemesha hata neno. Kumubeba mtu na hasira yako ingali moyoni, mimi naona ni kazi nzito kuliko kupiga risasi.

Tangu Oktoba 2014, mauaji ya Beni yalipoanza, vijana wengi wananiambia wema ni wa wajinga. Nawapa habari hii. Mmoja akauliza: na kaporali alilipa nini? Nikamujibu, alikuja kukiri fimbo yake mbele ya watoto wa marehemu. Akasema: mwalimu, hiyo haitoshi.

Labda. Blanketi liko kwa baba mkubwa. Bado amekasirika, lakini analianika juani kila mwaka.